Kwa Nini Aliitwa Mama Nyambura

Nikiletewa fomu iliyojaa "hapana" kutoka juu hadi chini, siiamini. Kuna ugonjwa wa kurithi kwenu? Hapana. Kuna mtoto aliyewahi kufariki? Hapana. Kuna aliyeugua saratani? Hapana, hapana, hapana, na pale chini sahihi nzuri ya kalamu ya bluu. Fomu kama hiyo nilikuwa naiweka kando, nakunywa chai yangu, halafu narudi kuisoma kwa jicho baya. Hakuna ukoo ambao haujazika mtu. Karatasi ikisema hivyo, ama kuna anayenidanganya, ama kuna swali ambalo sikuuliza.

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi hii, nyinyi manesi wapya wa kliniki ya watoto. Haya. Naitwa Rhoda Mwikali. Siku hizi nakaa Kileleshwa kwa binti yangu, orofa ya nne, kwenye nyumba ambayo lifti yake hufanya kazi ikijisikia, na tangu nistaafu sina wa kumhoji ila majirani. Wa mlango wa mkabala huletewa vifurushi vitatu kwa siku na watu wa bodaboda, na sijawahi kuona akitupa hata katoni moja. Hizo katoni zinaenda wapi? Binti yangu ananiambia, "Mum, wacha watu wakae." Siwezi. Pale hospitalini, katikati ya jiji, waliniita Sista Kwa Nini, na hawakuwa wananisifu.

Kazi yangu ilikuwa kuchora koo. Mtoto akipatikana na uvimbe wa ajabu, mimi ndiye niliyekaa na wazazi wake na karatasi kubwa. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, aliyefariki anakatwa na mstari wa mshazari. Mambo ya penseli tu, lakini nilifundishwa kwa ukali na Daktari Akinyi, mganga wa saratani za watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa gwaride. Mchoro wangu wa kwanza aliuinua juu, akauangalia, akaniuliza, "Rhoda, huu ni ukoo ama ni ubao wa drafti? Hakuna hata mmoja amekufa?" Akaurarua mbele ya wanafunzi. Niliapa siku ile kwamba sitamsamehe, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa namletea njugu kutoka kwetu Kangundo.

Yeye ndiye aliyenifundisha nisiulize magonjwa. Watu hawajui magonjwa ya kwao, lakini matanga wanayajua vizuri sana. Uliza nani alizikwa akiwa mdogo. Uliza ni mazishi gani ambayo nyanya hakwenda kaburini. Watakuambia nani alipika, nani alichelewa, nani alileta ugomvi wa viti, na katikati ya hadithi hiyo atatokea mtoto ambaye hayuko kwenye fomu. Na uangalie yule anayenyamaza wakati wenzake wanazungumza. Na kamwe, alisema, usimhoji mkaza mwana mbele ya mama mkwe wake. Hilo la mwisho mlikumbuke, maana nitawaonyesha nilivyolivunja.

Nimefanya makosa, msidhani nilizaliwa mjanja. Wakati mmoja nilimhoji baba fulani, Mkamba mwenzangu, mtu mpole. Nikamuuliza, mko ndugu wangapi? Watano. Akanitajia majina yao. Wote wako hai? Wote. Mutua yuko wapi siku hizi? "Huyu hapa," akasema, akanionyesha mtoto wake mchanga aliyelala kwa shali. Ndugu yake Mutua alikuwa amefariki shule ya msingi, jina akapewa mtoto huyu, na kwa yule baba hesabu ilikuwa imetimia. Hakunidanganya hata kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa nimemchora marehemu kama mtu mzima anayetembea, na kama nisingemtaja kwa jina ningeondoka hivyo hivyo.

Nilijiambia kosa hilo halitanipata tena. Kisha akaja Shiru.

Jina lake kamili ni Wanjiru, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila faili. Alikuwa na miaka mitatu, macho makubwa, na kikohozi ambacho kilikuwa kimetibiwa mara tatu kwenye kliniki tatu za huko Kileleshwa na Kilimani. Nimonia, nimonia, nimonia. Daktari Akinyi alizipanga zile picha tatu za eksirei dirishani, akaita kila mtu. "Angalieni. Nimonia gani hii inakumbuka nyumba yake?" Kila mara ilikuwa pafu la kulia, sehemu ileile ya chini. Nawaambia na nyinyi: nimonia ikirudi palepale, msiiandike kwa mkono wa haraka. Muishuku kama mgeni anayekuja kila wiki saa ya chakula.

Kilichokuwa mle ndani hakikuwa nimonia. Kilikuwa uvimbe wa mapafu wa watoto wadogo, nadra sana, ambao wengi wenu mtastaafu bila kuuona. Hauhusiani na sigara. Nasema hivi kwa sababu swali la kwanza la ukoo lilikuwa nani anavuta, na la pili lilikuwa ni mkaa wa nani. Baba yake, Kamau, aliapa hajawahi kushika sigara. Nyanya yake mzaa baba alisema yeye haapi, lakini anajua nyumba ambayo mtu hukaanga maharagwe na dirisha limefungwa. Alimwangalia mkaza mwana wake, Nduku, wakati akisema.

Nduku ni wa kwetu, wa Machakos. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na mgongoni alikuwa na mtoto wa pili, Karanja, wa miezi minne.

Daktari Akinyi aliwaeleza polepole. Kwa wengi wa watoto hawa, alisema, kuna jeni moja iliyoharibika ambayo imetoka kwa baba au kwa mama. Aliyenayo huenda asiugue maisha yake yote. Mwingine atafura shingo. Mwingine atakuwa na kifuko cha maji kwenye figo. Na mwingine, akiwa mchanga kabisa, ataota vifuko vya hewa kwenye mapafu, bila homa, bila kikohozi, huku ananyonya vizuri na kunenepa. Vifuko hivyo vikionekana mapema hukatwa vikaisha. Vikiachwa, hugeuka kuwa nyama kama ile iliyokuwa kwa Shiru, na hapo ni vita. Daktari alikuwa anazungumza na wazazi, lakini macho yake yalikuwa kwa Karanja.

"Huyu naye tumpige picha ya kifua," akasema. "Wiki hii, si mwezi ujao." Kisha akaitwa wodini, akaniachia wale watu wanne na karatasi yangu.

Sasa ndipo nilipoharibu. Nyanya alikuwa amekaa kati ya mwanawe na mlango, mama mdogo wa umbo, amevaa kitambaa cha hariri shingoni Januari ile ya Nairobi ambapo hata askari wa mlangoni walikuwa wamefungua vifungo. Mwanamke mmoja wa kanisa lao alipita pale koridoni akamsalimia, "Mama Nyambura! Na wewe uko huku?" Nikaandika pembeni mwa karatasi: nyanya, Mama Nyambura. Nikamuuliza Kamau mko wangapi kwenu. "Wawili tu, Sista. Mimi ndiye kifungua mimba, halafu Nyambura, ni wakili hapo Kilimani." Nikaandika. Vitu hivyo viwili viko kwenye ukurasa mmoja, mwandiko wangu mwenyewe, vidole vinne kati yake, na sikuona kitu. Sista Kwa Nini mzima!

Kitambaa kilipolegea nikaona kovu refu chini ya koo. Nikauliza. "Hii? Nilipasuliwa zamani, rovu," akasema. "Ilikuwa ni chumvi." Nami nikaitikia, "Ehe, chumvi ya zamani." Mnajua kwa nini? Kwa sababu nilikokulia, nyanya mwenye uvimbe wa shingo hakuwa mgonjwa, alikuwa nyanya tu. Shangazi zangu wawili walikuwa nao. Tulifundishwa shuleni kwamba ni chumvi isiyo na dawa, na basi, mambo kwisha. Daktari ametoka kusema "mwingine atafura shingo" dakika kumi zilizopita, na mimi nikalipungia kovu lile kwaheri bila kulichora.

Halafu nikafungua mdomo nikasema, "Sasa tutatoa damu tupime DNA ya familia."

Wanangu, hapa Nairobi mtu akisikia DNA hafikirii mapafu. Anafikiria mazishi ya tajiri na mwanamke mgeni aliyesimama kando ya kaburi na mtoto mkononi. Kamau alimwangalia Karanja, halafu akamwangalia mkewe, na ule muda kati ya mtazamo wa kwanza na wa pili ulikuwa mrefu kuliko inavyofaa. Mama Nyambura akajikohoza. "Eh. Sasa tutajua." Nduku akakaza shali ya Karanja mgongoni. Kamau alichukua fomu ya ruhusa kutoka mezani, akaikunja mara mbili bila kuitia sahihi, akaiweka mfukoni, na wakaondoka. Ile ya picha ya Karanja nayo ilikuwa humo humo.

Niliwapigia simu siku tatu. Inaita, inakatwa. Siku ya nne Kamau alikuja peke yake, akafunga mlango wa ofisi yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Sista, hiyo DNA inaweza kuonyesha kama mtoto ni wangu?"

"Kwani wewe unashuku?"

"Si mimi. Ni mathe. Anasema kwetu hakuna hii kitu. Kama ni ya kurithi, basi hao watoto wamerithi kwa mtu mwingine."

Nilimwambia kipimo chetu si cha kutafuta baba, na kwamba picha ya kifua haihitaji DNA hata tone. Akasema atafikiria. Alipoondoka, nitawaambia ukweli ambao wakati huo sikumwambia hata Daktari: nilianza kumshuku Nduku. Mimi, mwanamke wa kwao! Labda kwa sababu hiyo hasa, ili asije mtu akasema Sista anabeba Wakamba wenzake. Kazi yangu ilikuwa kushuku, na sikushuku karatasi wala kovu wala jina. Nilimshuku yule ambaye hakuwa na wa kumtetea. Naona aibu hadi leo.

Shiru alikuwa amelazwa wakati huo, dawa zimeanza, nywele zinabaki kwenye mto. Nduku hakuwa anaenda kulala nyumbani, alilala kwenye kiti, Karanja kifuani. Nilipita asubuhi moja nikainama kumsalimia mtoto, nikachelewa kidogo kuinuka.

"Hata wewe, Sista?" Nduku akasema.

"Hata mimi nini?"

"Unamwangalia masikio. Nyanyake pia huangalia masikio, kama ni ya babake."

Nilitamani sakafu inimeze. Yeye ndiye aliyeendelea, bila kupandisha sauti ili asimwamshe Shiru. "Nipimeni mimi. Mpimeni huyu. Mkitaka mpimeni hata paka wetu. Lakini mpigeni hiyo picha kwanza. Nikimwogesha naweka sikio hapa kifuani, nasikiliza. Sijui hata nasikiliza nini."

Nilimkumbusha kwamba sahihi ya mama peke yake inatosha, Daktari alikuwa amemwambia hivyo. Akanicheka kicheko kifupi. "Inatosha kwenu hapa. Nikitia sahihi peke yangu mtoto apimwe, wao watasema nimekimbilia kuficha kitu. Halafu mimi na hawa wawili turudi nyumba gani?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Akinyi nikamweleza kila kitu, masikio yakiwemo. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema, "Nenda ukamwone huyo nyanya kwake. Lakini usiende kama nesi." Kwa hiyo Jumamosi nikavaa rinda langu la kanisani, nikanunua mkate, maziwa na majani ya chai, maana kwa mtu mzima huendi mikono mitupu, nikaita gari kwa simu hadi Loresho.

Ilikuwa nyumba ya zamani yenye ua wa maua, na kando yake fleti walizojenga za kupangisha. Mlinzi aliniuliza jina, akafungua kidirisha cha lango, akaita ndani kwa sauti, "Mama Nyambura! Kuna mgeni!"

Nilisimama pale na mkate wangu kwapani. Mama Nyambura. Mimi mwenyewe kwetu naitwa Mama Mutheu, kwa sababu Mutheu ndiye aliyenifanya mama. Dada yangu ni Mama Kioko, kwa Kioko wake wa kwanza. Mwanamke huitwa kwa aliyemfungua tumbo, iwe Machakos, iwe Kiambu, iwe hapa Loresho kwenye nyumba za maua. Kamau aliniambia kwa mdomo wake kwamba yeye ndiye kifungua mimba. Basi mbona huyu si Mama Kamau? Nilihisi nimeukanyaga mkia wa kitu kilicholala.

Alinipokea vizuri. Chai ilikuja haraka mno, na mimi chai ya haraka huishuku, inataka uinywe uondoke. Ukutani kulikuwa na picha ya Kamau na joho la chuo, na ya Nyambura wakili na wigi lake la mahakamani. Tukazungumza mvua, tukazungumza kanisa, akaniuliza Shiru amekula nini. Alimpenda yule mtoto, msidhani hakumpenda. Jina Wanjiru alilobeba Shiru lilikuwa lake yeye.

"Mama," nikasema, "nikuulize kitu cha kijinga. Hapa kwenu mama huitwa kwa mtoto wa kwanza, kama kwetu?"

"Ehe."

"Na Kamau ndiye mkubwa."

"Kamau ndiye mkubwa."

"Sasa mbona wewe ni Mama Nyambura?"

Akashika kikombe. "Watu huita tu."

"Tangu lini?"

"Sista, kunywa chai, itapoa."

"Walianza kukuita hivyo kabla Kamau hajazaliwa, si ndiyo?"

Akaweka kikombe chini. Nje nilisikia redio ya mlinzi. Nilijua natakiwa kuinuka, niombe radhi, niende zangu. Nikamfikiria Nduku na sikio lake kifuani mwa mtoto, nikakaa.

"Mama, Karanja ana miezi minne. Mimi sitafuti baba yake. Natafuta kama kuna mtoto mwingine alikohoa kama Shiru."

Alifungua kile kitambaa shingoni akakiweka magotini, akaanza kukikunja na kukikunjua. Alizungumza akikiangalia chenyewe. Mtoto wake wa kwanza alikuwa msichana, akapewa jina la mama yake mumewe, ilivyo desturi. Nyambura. Alipofika miaka miwili alianza kukohoa, na upande mmoja wa kifua ukainuka juu ya mwenzake. Walimpeleka hospitali ya misheni, wakaambiwa ni maji kwenye mapafu, yakatolewa, yakarudi. Alifariki akiwa na miaka mitatu. "Alikuwa anajua kuhesabu mpaka kumi. Nane alikuwa anairuka." Kisha akazaliwa Kamau, kisha msichana mwingine, na jina la nyanya lilikuwa halijapata mtu, ikabidi lirudi. Wazee wakasema yule wa kwanza asitajwe tena, ili huyu wa pili akae. Na akakaa. Kamau hakuwahi kuambiwa. Hata picha haikuwepo. Kilichobaki cha yule mtoto ni hilo jina ambalo majirani walikuwa wameshalizoea mdomoni.

"Na mama mkwe wako?" nikauliza.

"Alisema nimeleta kitu kwa boma lake." Sasa aliniangalia. "Alisema kwetu ndiko kubaya. Alisema mpaka akafa. Nimekaa miaka hii yote nikijua alinionea, Sista. Hiyo ndiyo imenishikilia. Sasa wewe unakuja, unakaa kwa kiti changu, unaniambia alikuwa anasema ukweli?"

Kovu la rovu lilikuwa wazi mbele yangu, na nilijua damu yake itasema nini kabla haijatolewa. Nikamwambia kwamba hakuchagua, na aliyempa naye hakuchagua, na pengine hakujua. Nikamwambia wengi huwa nayo wakazeeka nayo bila kujua. Nikamwambia mama mkwe wake hakuwa anasema ukweli, alikuwa anatafuta wa kupiga. Nilikuwa nalia, si desturi yangu. Yeye hakulia. Aliuliza tu, "Na Nduku?"

"Huenda Nduku hana chochote, Mama."

Akachukua simu. Alizungumza na mwanawe Kigikuyu, na mimi Kigikuyu changu ni cha sokoni, lakini nilisikia jina Nyambura. Mwishoni akageuza Kiswahili, nafikiri ili na mimi nisikie. "Peleka mtoto akapigwe picha. Na umwombe mkeo msamaha, mimi nitamwomba wangu."

Jumatatu Kamau alitia sahihi, na eksirei ikapigwa. Karanja alikuwa anacheka na viatu vyake wakati Daktari Akinyi anaiweka dirishani. Pafu la kushoto, chini, kulikuwa na doa jeusi la mviringo, hewa tupu. Skani ilithibitisha. Hakuwa amekohoa hata siku moja. Alipasuliwa mwezi huo, kifuko kikatolewa kizima, na waliokichunguza wakasema kilikuwa kimeanza safari ya kugeuka nyama lakini hakijafika. Nduku aliposikia alikaa sakafuni, pale pale koridoni, na mama mkwe wake akakaa sakafuni kando yake na rinda zuri, na sikusogea karibu kusikia waliyosema. Mara moja tu katika kazi yangu nimeacha kusikiliza.

Damu ilipelekwa nje ya nchi na majibu yakachukua wiki nyingi. Nyanya alikuwa nayo, Kamau alikuwa nayo bila dalili yoyote, Shiru na Karanja pia. Nduku hakuwa nayo. Nilipomwambia, alimgeukia mumewe akauliza, "Na masikio je?" Kamau akatazama viatu vyake. Majibu ya Nyambura wakili ni yake mwenyewe, na nyinyi mkiulizwa majibu ya mtu jibuni hivyo hivyo.

Shiru yuko shuleni sasa, nywele zimerudi nyingi kuliko za kwanza. Karanja anapigwa picha kila Daktari anapotaka, na anapiga kelele hata pasipotakiwa. Nduku hunipigia simu. Kila jina lake likitokea kwenye kioo cha simu, nangoja habari mbaya. Haijaja. Mimi bado siiamini simu hiyo.

Kilichobaki ni siku niliyochora mchoro safi wa kuweka kwenye faili. Mama Nyambura aliomba auone. Kitambaa hakuwa nacho shingoni. Nikamwonyesha: huyu ni wewe, huyu ni marehemu mzee, huyu ni Kamau, hawa wajukuu. Kidole chake kikasimama kwenye duara dogo lililokatwa kwa mstari.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye."

"Mbona umeandika 'msichana, miaka mitatu, mapafu'? Wengine wote wana majina."

Nikamwambia nilihofia kuchanganya watu, maana jina lake ni lile lile la dada yake, na daktari atakayekuja baadaye akiona Nyambura na Nyambura atadhani nimekosea.

"Wacha adhani," akasema. "Liandike mara mbili."

Nikachukua kalamu. Nikaandika Nyambura, nikasogeza mkono, nikaandika Nyambura. Akavaa miwani, akayasoma yote mawili kwa kidole, moja baada ya jingine, maana yeye pia haamini mtu.